UZI: Kosei Inoue, bingwa wa judo aliyewalilia wale aliowaacha nje ya timu

Wakuu habari za usiku. Wiki jana kwenye ule mjadala wa nani apewe timu ya taifa (ulianza na ndondi ukaishia kila mchezo) niliona wengi mnasema mpeni aliyekuwa bingwa, aliyevaa medali ndo anaijua njia. Mi nikasema mambo sio mepesi hivyo na nitakuja na uzi wangu. Basi nimekuja, ni mrefu, weka chai karibu, na naomba usiruke katikati maana kilichonileta kiko huko.

Nijieleze kidogo. Mi nafundisha judo watoto na vijana, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, upande wa Kireka hapa Kampala, ukumbi wa kuazima. Tatami, ile mikeka minene ya judo, hatuna. Tulichofanya tumemwaga maranda ya mbao chini, juu yake magunia, juu ya magunia turubai tumelivuta kwa kamba mpaka likakaza kama ngoma, na kila baada ya wiki mbili lazima tulifungue tuyasawazishe maranda maana yanakimbilia pembeni, katikati panabaki simenti inasubiri mgongo wa mtoto. Kwa hiyo habari ya ukocha siisemi kwa kusikia.

Mtu mwenyewe anaitwa Kosei Inoue, Mjapani, kazaliwa Miyazaki mwaka 1978. Baba yake alikuwa polisi na ndo aliyemfundisha judo. Hapo tu mimi alishanishika, maana na mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Kiswahili hiki nimekipata kwa afande baba yangu na majirani wa kambi kabla sijajua Luganda vizuri.

Kwa wasiojua judo: ukimshika mwenzako jaketi ukamwangusha chali, kwa nguvu, kwa kasi na wewe ndo unaiendesha ile anguko mpaka chini, mwamuzi anainua mkono juu, ipponi, pambano limeisha hata kama mlianza sekunde tano zilizopita. Waliokulia vijiji vya Buganda wanajua kigwo, ile mieleka ya Kiganda, wale wazee wa zamani wangeielewa judo bila mkalimani. Sasa Inoue alikuwa na mtupo mmoja, uchimata. Unamvuta mtu aje mbele mpaka asimame kwa vidole, unageuka unampa mgongo, mguu wako unapita katikati ya mapaja yake unampandisha kwa paja la ndani, na mikono haijaacha kuvuta. Wengi tunafundishwa hivyo alafu tunafanya nusu, tunainua mguu mikono imelala. Inoue mikono yake ilikuwa inamaliza kazi kabla mguu haujafika. Watu wote duniani walijua anakuja na uchimata na bado wakawa wanaruka.

Bingwa wa dunia uzito wa chini ya kilo 100 mwaka 1999 Birmingham, 2001 Munich, 2003 Osaka. Ubingwa wa Japani ule usiotazama uzito, ambao kwao wapo wanaouona mgumu kuliko hata wa dunia, 2001, 2002, 2003 mfululizo. Na katikati hapo Olimpiki ya Sydney 2000, mapambano matano, yote matano ipponi, fainali kamrusha Nicolas Gill wa Canada kwa uchimata ileile. Mama yake alikuwa amefariki mwaka 1999, na pale kwenye jukwaa la medali Inoue alipanda na picha ya mama yake mkononi, akainyanyua. Mtafute hiyo picha. Kijana wa miaka 22, kifua kama mlango, ameshika fremu kwa mikono miwili kama mtoto anayebeba sahani ya wageni.

Kama uzi ungeishia hapa mngesema haya si ndo tunayosema, mpeni timu. Ngoja.

Mdau wa Jinja: Mkuu endelea, ila kwanza nieleweshe, huyu ndo yule alipigana na Riner, yule Mfaransa?

Mleta uzi: Ndo huyo mkuu, nakuja huko sasa hivi.

SEHEMU YA PILI

Athens 2004. Inoue ni nahodha wa msafara wote wa Japani, sio wa judo tu, wa michezo yote. Hakuna aliyekuwa anauliza kama atachukua dhahabu, watu walikuwa wanauliza ataichukua kwa dakika ngapi. Robo fainali akakutana na Elco van der Geest wa Uholanzi, akapoteza. Akashuka kwenye mapambano ya kutafuta shaba, akapoteza tena, kwa Mwazabaijani Movlud Miraliyev. Akarudi nyumbani bila kitu. Nahodha wa nchi nzima.

Mwaka 2005 mwanzoni akachanika msuli wa kifua, ule mkubwa, na kwa mtu ambaye judo yake yote ni kuvuta hicho ndo kiungo cha kazi kimekatika. Mwaka mzima na zaidi nje. Alivyorudi akapanda uzito, kilo 100 na kuendelea, na mwaka 2007 Rio kwenye ubingwa wa dunia akakutana na kijana wa Kifaransa wa miaka 18 anaitwa Teddy Riner. Uamuzi wa lile pambano Wajapani waliubishia sana na wapo wanaoubishia mpaka leo, lakini ubao uliandika Riner, na Riner siku ile ndo akachukua ubingwa wake wa kwanza wa dunia kati ya mingi. Aprili 2008, ubingwa wa Japani, Inoue anatafuta nafasi ya mwisho ya kwenda Beijing. Robo fainali muda unakwisha, kaingia na uchimata, ikamkatalia, akapoteza. Akastaafu.

Sasa hapa ndo nataka tutulie. Angalia miaka: kuanzia 1999 mpaka 2003 yupo juu ya kila mtu, kuanzia 2004 mpaka 2008 ni mtu wa kupoteza, kuumia, kurudi, kupoteza tena. Miaka mitano na mitano. Watu wanapomtaja wanahesabu ile mitano ya kwanza tu. Mimi nasema ukocha wake ulitoka kwenye hii ya pili, na ushahidi nitauleta.

Alivyostaafu hakupewa timu papo hapo. Kamati ya Olimpiki ya nchi yake ilimpeleka Uingereza, akakaa kama miaka miwili kuanzia 2009, anajifunza lugha na anaangalia wenzake wanafundishaje. Fikiria bingwa wa Olimpiki wa Japani, nchi iliyoanzisha judo, Jigoro Kano alifungua Kodokan, shule ya kwanza ya judo, mwaka 1882, huyo mtu anakwenda kukaa mkekani kwa Waingereza kama mwanafunzi, hata kuongea hawezi vizuri. Mi nawajua mabingwa wa wilaya tu hapa, wa wilaya, ambao hawawezi kukaa kwenye semina wakafundishwa na mtu asiye na medali.

Mdau wa Arua: Samahani mwalimu naingilia. Unachosema ni kweli lakini kwetu kuna tatizo la kwanza kabla ya hilo, kocha halipwi. Utampeleka Uingereza kwa nauli gani? Aliyekuwa bingwa angalau jina lake linaleta wafadhili.

Mleta uzi: Dada umesema ukweli na siwezi kuupinga, nauli ya taksi (kwa wengine daladala) ya kwenda kufundisha natoa mfukoni. Jina linaleta wafadhili, sawa. Ila jina likishaleta wafadhili bado kesho yake saa kumi jioni kuna mtoto amesimama mbele yako anaogopa kuanguka, na jina halimsaidii kitu. Kujifunza nako sio lazima Uingereza, unaweza kujifunza kwa kocha wa ndondi wa jirani yako kama utakubali kukaa kimya dakika arobaini.

SEHEMU YA TATU

London 2012. Kocha mkuu wa wanaume wa Japani alikuwa Shinichi Shinohara. Huyu naye ana historia yake inayouma, Sydney 2000 fainali ya uzito mkubwa alimgeuza David Douillet wa Ufaransa, alama akapewa Douillet, na Shinohara akaishia na medali ya fedha ambayo dunia nzima ya judo inajua ilipaswa kuwa nini. Sasa London vijana wake wakapata fedha mbili na shaba mbili, dhahabu hakuna hata moja. Judo iliingia Olimpiki Tokyo 1964, na tangu hapo wanaume wa Japani hawakuwahi kwenda kwenye michezo hiyo wakarudi bila dhahabu. Kwao ilikuwa msiba.

Hapo ndo Inoue akaitwa, mwishoni mwa 2012, miaka 34. Na kumbuka mazingira aliyoikuta nyumba: mwanzoni mwa 2013 ikatoka hadharani kwamba wanawake 15 wa timu yao ya taifa walilalamika kupigwa na kutukanwa na makocha wao, kocha wa wanawake akajiuzulu. Yaani judo ya Japani ilikuwa imeshindwa mkekani na imevunjika nyumbani kwa wakati mmoja.

Alichofanya wengine walikiona cha ajabu. Akapunguza yale mazoezi ya kuchosha ili kuchosha, mtu anapigana raundi hamsini mpaka anatapika ili kocha aseme leo tumefanya kazi. Akaleta wataalamu wa kunyanyua vyuma, wa chakula, wa kuchambua video na takwimu. Akawapeleka vijana wakaonje mieleka ya watu wengine, sambo ya Warusi na mengine, kwa sababu alijua hao Wageorgia na Wamongolia wanakuja kwenye judo na mieleka ya babu zao ndani ya mwili, na Mjapani akishikwa mgongoni kwa mkono mmoja anashtuka. Fikiria hilo. Yeye ambaye judo yake ilikuwa ya kitabu kabisa, jaketi na nyonga na paja, ndo anawaambia vijana nendeni mkajifunze kubebwa kama gunia mjue mnatokaje.

Na hakumlazimisha mtu uchimata. Hili kwangu ni kubwa kuliko yote. Kati ya vijana wake Shohei Ono alikuwa na judo yake, Naohisa Takato alikuwa na judo ya ajabu ajabu kabisa, kainama, anaingia kwa pembe ambazo mwalimu wa kijijini angempiga kofi, na Takato ndo aliyewapa wenyeji dhahabu yao ya kwanza kwenye Olimpiki ya Tokyo 2020.

Matokeo nayaweka haraka haraka: Rio 2016 uzito saba, medali saba, hakuna mwanaume wa Japani aliyerudi mikono mitupu. Dhahabu Ono na Mashu Baker, fedha Hisayoshi Harasawa aliyepoteza fainali kwa Riner, na shaba nne. Tokyo, ile ya 2020 iliyofanyika 2021, dhahabu tano: Takato, Hifumi Abe, Ono, Takanori Nagase, Aaron Wolf. Baada ya hapo akang'atuka, akamwachia Keiji Suzuki. Na Suzuki ni nani? Ndo huyohuyo aliyempiga Inoue fainali ya ubingwa wa Japani 2004, mpinzani wake wa damu, alafu Inoue akamchukua akawa msaidizi wake wa vijana wa uzito mkubwa. Hapa kwetu mtu aliyekupiga fainali unaweza kumpa kiti pembeni yako? Nauliza kwa moyo mmoja.

Mdau wa Mbale: Mkuu naomba nichangie, mimi ni wa riadha. Hata sisi John Akii-Bua mwaka 1972 Munich, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82 rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Uganda. Alikuwa polisi pia. Kocha wake Malcolm Arnold Mwingereza hakuwa staa wa kukimbia hata kidogo, na baadaye ndo huyohuyo akamfundisha Colin Jackson aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi, sekunde 12.91. Kwa hiyo nakuunga mkono, medali ya kocha sio kigezo.

Mleta uzi: Asante sana mzee wangu, huo mfano nilikuwa nao nikaogopa uzi kurefuka. Ila mimi siendi mpaka huko. Sisemi bingwa asipewe. Kwa Wajapani makocha wa wanaume miaka hii yote ni mabingwa wakubwa, Yasuhiro Yamashita dhahabu ya 1984, huyo aliyemlea Inoue, ile fainali alipigana na Mmisri wetu Mohamed Rashwan, Yamashita mwenyewe akiwa amechanika msuli wa mguu. Hitoshi Saito dhahabu mbili, 1984 na 1988. Shinohara bingwa wa dunia. Inoue. Suzuki dhahabu ya 2004. Wote mabingwa, lakini hawakufundisha sawa wala hawakuvuna sawa. Kwa hiyo medali haiwatofautishi. Mi natafuta kinachowatofautisha.

SEHEMU YA NNE, NDO NILIYOTAKA KUFIKA

Olimpiki kila nchi inapeleka mtu mmoja kwa kila uzito. Mmoja. Japani wanao watu watatu wanne kila uzito ambao nchi nyingine wangekuwa mabingwa wa taifa miaka kumi. Februari 2020 Inoue akakaa mbele ya waandishi wa habari kutangaza timu ya Tokyo. Mimi hiyo video nimeitazama usiku mmoja kwenye simu, bando linaisha, nimekaa nje ili nisiamshe watoto. Kawataja waliochaguliwa. Kisha akaanza kuwazungumzia walioachwa. Kwa majina, mmoja mmoja, na sauti ikaanza kukatika. Mwanaume wa kilo zaidi ya mia, suti na tai, anafuta machozi mbele ya kamera za nchi nzima kwa sababu ya watu ambao hawaendi.

Nilidhani nitaona anajivunia kikosi. Nikairudia ile sehemu. Unaona kabisa hajapanga kulia, anajaribu kuendelea, anameza, jina linalofuata linamkwama.

Uzito wa chini ya kilo 66 siku ile haukutangazwa, walikuwa wawili hawatenganishiki, Hifumi Abe bingwa wa dunia 2017 na 2018, na Joshiro Maruyama bingwa wa dunia 2019. Ikaja korona, michezo ikasogezwa. Tarehe 13 Desemba 2020 wakawekwa peke yao Kodokan, ukumbi hauna watazamaji, pambano moja, atakayeshinda anakwenda. Muda wa kawaida ni dakika nne. Walipigana dakika 24. Mwanzoni unasikia miguu inasuguana na mkeka na pumzi tu, dakika ya kumi na tano vidole vyao haviwezi tena kufunga kwenye kola, mmoja anashika jaketi linamponyoka kama samaki. Abe akashinda. Maruyama akaenda zake, na miezi michache baadaye mwaka 2021 akachukua tena ubingwa wa dunia Budapest, bingwa wa dunia ambaye Olimpiki ya nyumbani kwao aliitazama kama mimi na wewe.

Kocha ndo aliyekaa katikati ya watu wa namna hiyo. Sasa turudi kwenye ile miaka mitano ya pili. Mtu ambaye hajui kuachwa, siku ya kutangaza timu anawaona waliochaguliwa tu. Aliyetoka Athens bila kitu, aliyeingia na mtupo wake anaouamini maisha yake yote ukamkatalia robo fainali ya mwisho, huyo anawaona wale wasioitwa. Inoue Beijing hakwenda, aliachwa nyumbani kwa mtindo huohuo. Huo ndo ushahidi wangu wakuu.

Mdau wa Entebbe: Kocha mimi nauliza bila ubaya. Kulia kunamsaidia nini aliyeachwa? Angempa nafasi ya kwenda ndo msaada.

Mleta uzi: Swali zuri ndugu yangu na sina haraka nalo. Nafasi ni moja, haigawanyiki. Nitakujibu kwa jambo langu mwenyewe na sijawahi kuliandika popote.

SEHEMU YA TANO

Miaka michache nyuma tulikuwa na mashindano madogo Jinja. Nafasi kwenye taksi zilikuwa nane za vijana, mimi nina kumi na moja. Uzito mmoja walikuwa wawili, nikamchagua mmoja. Orodha nikaiweka kwenye grupu la WhatsApp saa nne usiku, nikalala.

Yule niliyemwacha alikuwa na miaka 15, baba yake anaendesha boda. Simu ya nyumbani ni ya mama, na mama usiku ule alikuwa hana bando. Asubuhi saa kumi na moja na nusu nafika stejini namkuta amefika kabla yangu. Ana begi dogo, jaketi lake la judo limefuliwa, bado lina unyevu, limekunjwa na mkanda umefungwa juu vile nilivyowafundisha. Alikuwa na chapati mbili kwenye karatasi, mama yake kaamka usiku kuzipika. Ananiambia shikamoo kocha, anacheka. Mi nikamuuliza, hukuona kwenye grupu?

Hilo ndo neno nililomwambia. Wenzake wako pale wanapanda gari, wote wanajua. Hakulia wala hakuuliza kwa nini. Akasema sawa kocha, akampa mwenzake mmoja zile chapati, akavuka barabara akarudi kwao kwa mguu. Mazoezini hakurudi tena. Na mimi, hili ndo linaloniuma, niliwaambia wengine huyu hana moyo wa mchezo.

Usiku ule natazama video ya Inoue nilimkumbuka huyu kijana kabla ya jina la tatu. Kesho yake nikaenda kumtafuta. Nikaelekezwa karakana moja ya kuchomelea mageti, amekua, mikono mipana, anavaa miwani ya kuchomea. Akaniona akazima mashine, akanifutia kiti kwa kitambaa. Nikamwambia nilikukosea, sio kwa kukuacha, kwa namna nilivyokuacha. Akatazama chini muda mrefu. Kisha akaniuliza, yule aliyekwenda kwa uzito wangu alishinda? Nikasema alipoteza pambano la pili, kwa kijana mmoja wa mkono wa kushoto. Akasema, mi ningemnyima kola ya kushoto kwanza. Na akanionyesha kwa mikono, pale katikati ya vyuma, jinsi angeishika.

Miaka yote ile alikuwa bado anapigana lile pambano.

Ndugu yangu wa Entebbe, kulia kwa Inoue hakumpi mtu medali. Kunamwambia yule aliyeachwa kwamba kazi yake imeonekana na mtu aliyekuwa na haki ya kuihukumu. Mi nimeona mtu anavyokuwa asipoambiwa hilo.

Mdau wa Arua: Mwalimu nimesoma hapa nimenyamaza. Mimi nafundisha netiboli shuleni, orodha huwa nabandika ukutani nakwenda zangu. Sasa wewe siku hizi unafanyaje?

Mleta uzi: Dada, siku hizi naanza na wasiokwenda. Siku tatu kabla, mmoja mmoja, tunakaa pembeni ya turubai, namwambia uso kwa uso huendi, namwambia sababu mbili tu ninazoziamini, na namuuliza ana neno. Wengine wananuna, mmoja aliwahi kuniambia nimekosea na baadaye nikaona kweli nilikosea. Inachukua jioni nzima na huwa narudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya randori, yale mapambano ya mazoezi. Baada ya hapo ndo nawaita wanaokwenda, wao dakika tano zinatosha. Na kwenye grupu siandiki orodha kamwe.

Mdau wa Jinja: Na yule wa karakana?

Mleta uzi: Hajarudi kupigana, kazi inambana na bega moja lilishaumia kazini. Ila mwezi uliopita fremu ya chuma ya kuzungushia turubai ametuchomelea yeye, pesa amekataa, kachukua ya vyuma tu. Jumamosi hii anakuja kuifunga, saa nane mchana, ndo maana mazoezi nimeyasogeza mpaka saa kumi. Walio karibu na Kireka wenye spana namba 13 na 14 naomba waje nazo.